Picha Zilizofutika: Zipi Hurudi, Zipi Hazirudi Tena

Barua tulizochagua safari hii zote zinahusu picha zilizopotea kwenye simu. Kabla hujasoma jibu lolote, kama umefuta picha leo, weka simu kwenye hali ya ndege sasa hivi na usipige picha nyingine. Kila faili jipya linaloingia linaweza kukalia mahali pa lile unalolitafuta.

Nilikuwa nafuta picha za zamani ili simu ipate nafasi, nikateua folda nzima kwa bahati mbaya. Picha za sendoff ya mdogo wangu zimekwenda. Simu ni Tecno ya Android 13. Nimepakua programu tatu za kurudisha picha, zimeniletea vipicha vidogo vyenye ukungu, na moja inataka nilipie ndipo inipe vilivyo safi. Nilipe? (Dada, Morogoro)

Usilipe dada, na usipakue ya nne. Hivyo vipicha ni nakala ndogo ambazo galari hujitengenezea ili unapoperuzi isilazimike kufungua picha kubwa kila mara. Mara nyingi hukaa kwenye folda iliyofichwa iitwayo .thumbnails, ndani ya DCIM au Pictures. Picha yako halisi huenda ilikuwa na megabaiti 4. Kijipicha kina kilobaiti chache tu. Ukilipia utapewa kitu kilekile kikiwa kimevutwa kikawa kikubwa, maana undani wa picha haumo humo.

Anza kwa kutafuta tupio, na ujue kwamba simu moja inaweza kuwa na matupio matatu. La kwanza ni la galari yenyewe: ifungue, ingia kwenye albamu, shuka hadi chini kabisa utafute "Recently deleted", "Trash" au "Recycle bin", kutegemea aina ya simu. Kwa Samsung iko kwenye menyu ya mistari mitatu, na picha hukaa humo siku 30. La pili ni la Google Photos: gusa Collections, ambayo matoleo ya zamani huiita Library, kisha Trash, simu iliyowekwa lugha ya Kiswahili huandika Tupio. Picha iliyokuwa imehifadhiwa mtandaoni hukaa humo siku 60. Ambayo haikuhifadhiwa, kwa simu za Android 11 kwenda juu, hukaa siku 30. La tatu ni la programu ya mafaili, kama Files ya Google, iwapo ulifutia huko.

Kosa tunaloliona sana hapa ni la akaunti. Mtu ana anwani mbili au tatu za Gmail, moja aliyofunguliwa na muuza simu na nyingine ya kazini, halafu anatafuta picha kwenye akaunti ambayo haikuwahi kuhifadhi kitu. Tumia kompyuta au simu ya mwenzako, fungua photos.google.com, uingie kwa kila anwani unayoikumbuka, na kila mara uangalie Tupio pia. Ukimaliza, toka kwenye akaunti.

Kama matupio yote ni matupu, kuna mlango mmoja wa uani ambao mafundi wengi hawaujui. Kuanzia Android 11, programu inayofuata utaratibu wa mfumo ikitupa picha haiihamishi. Inaiacha kwenye folda ileile na kuibadilisha jina tu, mfano: .trashed-1735689600-IMG_20241130_142210.jpg. Nukta ya mwanzo ndiyo inayoificha. Tarakimu 10 zinazofuata ni muda ambao mfumo utaifuta kabisa, ukihesabiwa kwa sekunde tangu 1 Januari 1970. Mfano huu unaangukia 1 Januari 2025, saa 9 usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Maana yake picha ilitupwa 2 Desemba 2024. Fungua programu ya mafaili, washa chaguo la kuonyesha mafaili yaliyofichwa, ingia DCIM kisha Camera. Ukikuta majina ya namna hiyo, yabadilishe: ondoa kila kitu kilicho mbele ya IMG. Galari itaziona tena baada ya muda mfupi.

Hilo nalo likishindikana, dada, tusikudanganye: kwa picha zilizokuwa kwenye memori ya ndani ya simu, njia imefungwa. Sababu ni mbili. Ya kwanza, simu zilizotoka kiwandani na Android 10 au zaidi huandika kila faili kwa fumbo, yaani kwa namna isiyosomeka bila ufunguo, na faili likifutwa, taarifa zinazohitajika kulifumbua hupotea pamoja nalo. Ya pili, simu ikiwa imetulia, aghalabu usiku ikiwa kwenye chaji, mfumo huiambia memori ni sehemu zipi hazihitajiki tena, nayo memori huzisafisha kabisa ili iandike haraka kesho yake. Ndiyo maana simu ya mwaka 2012 picha zake ziliweza kufukuliwa, na ya leo haiwezekani.

Kuna watakaokwambia "tutairuti", yaani watajipa mamlaka kamili juu ya mfumo wa simu. Kuruti simu za sasa kunahitaji kwanza kufungua kufuli la mfumo wa kuwashia, na kufungua kufuli hilo hufuta simu nzima kwa makusudi, ndivyo lilivyoundwa. Utakuwa umebomoa nyumba ukitafuta sindano.

Memori kadi ya GB 64 niliitoa kwenye simu na kuichomeka kwenye nyingine; ikaniambia imeharibika, niifomati. Nikakubali. Ilikuwa na picha za kazi, karibu 3,000. Kuna lolote? (Mpiga picha, Likoni, Mombasa)

Lipo, na wewe ndiye mwenye bahati kuliko wote walioandika safari hii. Kadi ya kawaida haiandikwi kwa fumbo. Inapofomatiwa kwa haraka, kinachofutwa ni orodha inayosema faili gani liko wapi, ila picha zenyewe mara nyingi bado zimelala palepale. Ni daftari la mahudhurio lililochanwa huku wanafunzi wangali darasani.

Ila jiulize kwanza: kwenye ile simu ya zamani kadi ilikuwa imewekwa kama hifadhi ya kubebeka, au iliunganishwa na memori ya ndani? Kama iliunganishwa, iliandikwa kwa fumbo ambalo ufunguo wake uko kwenye simu ileile pekee. Hiyo ndiyo sababu ya kawaida ya simu ya pili kusema kadi imeharibika, hali ilikuwa nzima kabisa. Kwa kadi ya namna hiyo, baada ya kuifomati hatuna la kukusaidia. Kwa ya kubebeka, endelea.

Unahitaji kompyuta, kadi rida (kifaa cha kusomea kadi), na nafasi ya GB 130 hivi kwenye diski: GB 64 kwa nakala ya kadi na nyingine kama hizo kwa picha zitakazotoka. Usiiunganishe kadi ikiwa ndani ya simu kwa waya wa USB. Simu hujionyesha kwa kompyuta kama orodha ya mafaili, wala si kama diski, kwa hiyo programu za kufukua haziwezi kuona kilichofutwa. Ukiwa na adapta kubwa ya SD, sukuma kile kiswichi cha pembeni kwenye Lock ili kompyuta isiandike chochote. Windows ikikuuliza kama ungependa kuifomati au kuirekebisha, kataa yote mawili.

Tengeneza nakala ya kadi nzima kabla ya kufukua. Kwenye Windows tumia Win32 Disk Imager: chagua herufi ya kadi, andika jina la faili kama kadi.img, bonyeza Read. Angalia vizuri kitufe. Ukibonyeza Write badala ya Read umejimaliza mwenyewe, na hapo ndipo ile swichi ya Lock inapokuokoa. Kwenye Linux amri ni ddrescue, nayo ndiyo bora kwa kadi inayokwamakwama, kwa sababu huruka sehemu mbovu, huchukua nzima kwanza, kisha hurudi kujaribu zilizobaki. Kadi rida inayosoma megabaiti 20 kwa sekunde itakula karibu saa nzima kwa GB 64. Iache.

Kisha PhotoRec. Ni ya bure, haina toleo la kulipia, na hupakuliwa pamoja na TestDisk kutoka kwenye tovuti ya CGSecurity. Kwenye Windows fungua faili linaloitwa qphotorec_win, ambalo lina madirisha ya kubofya. Ongeza ile kadi.img, chagua sehemu yake, weka aina ya mfumo wa mafaili kuwa FAT/NTFS, na kwa sababu kadi imefomatiwa chagua Whole badala ya Free. Gusa File Formats, ondoa alama zote, rudisha jpg pekee, pamoja na aina ya picha ghafi ya kamera yako kama ulitumia. Usipofanya hivyo utaletewa maelfu ya vipande vya maandishi na sauti. Mwisho onyesha folda ya kuhifadhia, na iwe kwenye kompyuta. Kuhifadhi matokeo kwenye kadi ileile ni kuzika maiti mbili kaburi moja.

PhotoRec haisomi orodha ya majina. Inapita kadi nzima ikitafuta alama ambayo kila picha ya JPEG huanza nayo. Kwa hiyo majina hayarudi. Utakuta folda za recup_dir.1, recup_dir.2 na kuendelea, zenye mafaili ambayo majina yake huanza na f na tarakimu. Yaanzayo na t ni vijipicha, vifute. Tarehe ya kupigwa picha imo ndani ya faili lenyewe, kwa hiyo programu yoyote ya picha inaweza kuzipanga upya kwa siku. Panga kwa ukubwa kwanza: zilizo juu ya megabaiti 1 ndizo kazi yako.

Picha nyingi zitatoka nzima. Nyingine zitakuwa na nusu ya chini ya kijivu au mistari ya rangi. Hizo zilihifadhiwa kwa vipande vilivyotawanyika, na programu ikakosa kipande cha pili. Video ndizo huumia zaidi, kwa sababu ni ndefu na hukatwakatwa. Kinachoua kabisa ni kufomati kwenye Windows bila alama ya Quick Format: tangu Windows Vista, njia hiyo huandika sifuri kadi nzima.

Ukishapata picha zako, ijaribu kadi yenyewe kwa H2testw, ambayo huijaza kadi na kuisoma upya. Kadi za bei ya kutupa zilizoandikwa GB 64 wakati ndani zina GB 8 zipo nyingi, na tabia yake ni hiyohiyo: hufanya kazi wiki kadhaa, kisha "imeharibika". Usiijaribu kabla ya kuokoa picha, maana jaribio hilo huandika juu ya kila kitu.

Nimesahau patani ya simu. Fundi akasema ataifungua, kumbe ameiflashi. Imerudi kama mpya. Ndani kulikuwa na picha za marehemu mke wangu. Naomba msaada wenu, hata kama ni kwa gharama. (Mzee, Moshi)

Shikamoo mzee wetu, na pole sana. Usitoe gharama yoyote kwa mtu anayedai atazifukua kutoka kwenye simu hiyo. Simu ikirudishwa hali ya kiwandani, funguo zote za fumbo huharibiwa kwanza. Kilichobaki kwenye memori ni kelele tupu.

Zitafute nje ya simu. Baada ya kuflashiwa, simu huenda iliomba anwani ya Gmail iliyokuwa inatumika awali. Anwani hiyo ndiyo ya kuanzia: mwombe kijana unayemwamini aingie photos.google.com kwa anwani hiyo, mbele yako. Simu nyingi humwuliza mtu siku ya kwanza kama picha zihifadhiwe mtandaoni, na wengi hugusa kukubali bila kujua. Tumeona watu wakikuta maelfu ya picha huko. Aangalie pia anwani ya marehemu kama mnaijua.

Pili, WhatsApp. Kila picha uliyowahi kuituma kwa watoto, ndugu au makundi ya ukoo na jumuiya, nakala yake iko kwenye simu zao. Waombe wafungue mazungumzo yenu, waguse jina lako juu, wachague sehemu ya picha na mafaili, warudi nyuma hadi miaka ile. Wakutumie kama faili, yaani kwa kugusa alama ya kiambatisho na kuchagua Document, wasitumie kwa njia ya kawaida ya picha. Njia ya kawaida huibana picha tena, na ilikwisha kubanwa mara ya kwanza. Kisha walau kumi uzipendazo zichapishwe kwenye karatasi.

Niko Muscat. WhatsApp ilikuwa imejaa nikafuta mazungumzo ya dada yangu wa Tanga pamoja na picha za wanangu alizonitumia miaka miwili. Ni jana jioni. (Mama wa wawili)

Mama, hili lina saa zake, kwa hiyo tunakupa mpangilio wa kufuata. Kwanza zima intaneti ya simu. WhatsApp hutengeneza nakala saa 8 usiku, na kwenye hifadhi ya Google hubaki nakala moja tu ya karibuni. Nakala mpya ikipanda, inakwenda bila picha ulizofuta. Ukitaka kuwasha intaneti, kabla yake ingia Settings, Chats, Chat backup, uzime kujihifadhi kwa kuchagua Never. Hapohapo soma tarehe ya nakala ya mwisho na uhakikishe ilikuwa inaenda Google.

Kama nakala ni ya kabla ya jana jioni, ina picha. Ila kabla ya kuondoa WhatsApp, nakili kwenye kompyuta folda nzima ya Android/media/com.whatsapp, ili usipoteze na zilizobaki. Ndipo uondoe programu, uipakue upya, uweke namba ileile huku simu ikiwa na akaunti ileile ya Google, na ukiulizwa ukubali kurejesha. Ujumbe ulioingia baada ya nakala hiyo utapotea. Hiyo ndiyo bei yake. Kama uliwahi kuifunga nakala kwa nywila au ule ufunguo wa tarakimu 64, bila hiyo haifunguki, na hata WhatsApp wenyewe hawana.

Kama nakala ni ya baadaye, au haikuwahi kuwekwa Google, usiguse kitu. Zile nakala zinazobaki ndani ya simu kwenye folda ya Databases zina maandishi tu, hazina picha. Hapo njia ni dada yako: alizozituma ziko kwenye simu yake, folda ya WhatsApp Images, ndani yake Sent. Galari yake haitamwonyesha, kwa kuwa folda ya Sent imewekewa faili la kuificha, kwa hiyo aingilie kwenye programu ya mafaili. Na zile alizozipiga kwa kamera ya simu yake ni bora zaidi ya ulizokuwa nazo.

iPhone. Nimefuta, nikafuta na kwenye "Recently Deleted". (Kijana, Nairobi)

Basi, kijana. Albamu hiyo hukaa na picha siku 30, na Apple wenyewe husema inaweza kufika 40, lakini ukiisafisha kwa mkono hakuna pa pili. Kama ulikuwa unatumia iCloud Photos, zimefutwa na huko, kwani ile huoanisha vifaa vyako vyote. Lililobaki ni kama uliwahi kuhifadhi simu nzima kwenye kompyuta kwa iTunes au Finder, au kwa iCloud Backup iwapo hukuwa unatumia iCloud Photos. Kurejesha hiyo hufuta kilichopo sasa, kwa hiyo hifadhi cha sasa kwanza mahali pengine.

Nikigusa "Free up space" kwenye Google Photos, picha zinafutika kweli? (Msomaji, Bujumbura)

Kitufe hicho huondoa kwenye simu zile tu ambazo zimeshafika mtandaoni, na mtandaoni hazifutwi. Kinachowaponza watu ni kufuta kwa kawaida wakiwa ndani ya Google Photos wakidhani wanapunguza za simu tu. Hapo picha huondoka pote pawili. Angalia pia nafasi: GB 15 za bure huliwa na picha, barua pepe na Drive kwa pamoja, na tangu 1 Juni 2021 hakuna tena kuhifadhi picha bila kikomo. Zikijaa, kuhifadhi husimama kimya. Unaweza kuamini miezi sita kwamba picha zinapanda kumbe hazipandi.

Kioo kimekufa, simu bado inaita. Kwenye kompyuta haionyeshi picha. (Fundi cherehani, Tabora)

Picha zipo. Kompyuta haizioni kwa sababu simu imefungwa. Lazima ifunguliwe kwa patani, kisha uchague kuhamisha mafaili kwenye ule ujumbe wa USB. Kama bado inaonyesha lakini haisikii vidole, nunua adapta ndogo ya OTG, inayowezesha simu kupokea vifaa vya USB, uchomeke mausi ya kompyuta, mshale utatokea, uchore patani nao. Kama ni giza kabisa, weka kioo hata cha mitumba kwa muda wa kunakili tu. Iliyoingia maji ni habari nyingine: usiichaji, usiiwashe kujaribu, ipeleke ifunguliwe na kusafishwa siku hiyohiyo. Fundi akisema atang'oa chipu ya memori aisome peke yake, mkatalie. Ufunguo wa fumbo umefungamana na prosesa ya simu hiyo, na vyote viwili vinatakiwa viwe hai kwenye bodi moja.

Kuna mtu Facebook anasema atarudisha picha akiwa mbali, anataka nimpe namba ya simu na zile tarakimu sita zitakazokuja kwa SMS. (Mwanafunzi, Iringa)

Hizo tarakimu ni za kuhamishia WhatsApp yako kwenye simu yake. Usimpe. Kama umeshampa, sajili upya WhatsApp kwenye simu yako sasa hivi kwa namba yako, na akishatolewa, ingia Settings, Account, uweke PIN ya uthibitisho wa hatua mbili. Ukikuta ameshaiweka yeye, utasubiri siku 7 ndipo uweze kuingia bila PIN hiyo. Wakati huo waarifu watu wako kwa kuwapigia, wasije wakamtumia pesa kwa jina lako.